Mhariri, andikeni tako, "sehemu ya nyuma" ndo wapi?

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaokesha ili gazeti litoke. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, sio wa kununua kila siku nisikudanganye, mara nyingi nasubiri jirani yangu muuza kahawa amalize la kwake ndo nachukua, ila nikilishika nalisoma lote mpaka matangazo ya viwanja. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya ukurasa wenu wa afya wa Jumapili iliyopita, ule wa mguu kufa ganzi. Mmeandika vizuri tu, kisukari mmetaja, pombe mmetaja, mgongo mmetaja, vitamini mmetaja, halafu mlipofika kwenye sindano mkaweka mstari mmoja, kwamba sindano za "sehemu ya nyuma ya mwili" zikichomwa vibaya zinaweza kuleta athari. Basi, mkahamia kwenye mboga za majani.

Sehemu ya nyuma ya mwili ndo wapi jamani? Kisogo? Mgongo? Maana hata kisigino kiko nyuma. Ni tako, mhariri. Mi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kupima watu kiuno na makalio kwa futi toka asubuhi mpaka jioni, wamama wa heshima zao na mashehe na kila mtu, na sijaona aliyezimia kwa kusikia hilo neno. Nyie mmeona aibu kuliandika na mi hiyo aibu naijua gharama yake, naivaa kwenye mguu wa kulia.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, 2014. Mafundi wenzangu wanajua mwezi wa kwanza ni nini, ni sare za shule, kaptula za bluu na mashati meupe mpaka unayaota, unakaa kwenye mashine saa kumi na nne mgongo unakuwa kama ubao. Siku ya tatu sikuweza kunyooka. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nikamwambia kijana wa pale nipe kitu cha mgongo nirudi kazini, akasema vidonge vitachelewa, nikuchome diklofenaki, dawa ya maumivu, dakika kumi uko fiti. Najua saivi kwamba duka la dawa sio mahali pa kuchomea sindano, najua, msiniandikie barua. Nikaingia nyuma ya pazia, nikashusha suruali kidogo, nikainama nimeshika shelfu, akachoma.

Sasa hapa ndo nataka watu wasikilize. Sindano ya kawaida inauma pale pale ilipoingia. Hii haikuuma pale, ilipiga umeme, ukashuka nyuma ya paja, ukapita pembeni ya goti ukatokea kwenye kidole gumba cha mguu kama mtu kashika waya wa stima kwa mkono wenye maji. Nikapiga kelele, "we kijana, umeme!" Akanijibu, "vumilia fundi, dawa kali hiyo," na akaendelea kusukuma. Angechomoa pale pale nadhani leo ningekuwa na habari nyingine. Alisukuma yote.

Nilivyotoka dukani kandambili ya kulia ikabaki mlangoni. Nimepiga hatua tatu ndo nastuka nakanyaga mchanga wa moto, mguu peku. Nikarudi nikaivaa, ikatoka tena. Nyayo ilikuwa imelala inaning'inia kama mfuko wa suruali uliogeuzwa nje, kuinuka haiinuki, na ule mkanda wa kandambili unaopita kati ya kidole gumba na cha pili nilikuwa siusikii kabisa, naona kwa macho kwamba umekaa mahali pake ila ngozi haina habari. Ikumbukeni hiyo sehemu ya kati ya vidole, nitairudia.

Nyumbani kila mtu na lake. Mama akasema nimekanyaga kitu, nimetegeshewa na wenye wivu na oda zangu za sare. Shemeji akasema ni mgongo umeshuka, akaleta mafuta ya kuchua. Jirani akasema ni mshipa. Na hapa mhariri niseme kidogo kuhusu hili neno, maana nalo lilinichelewesha, sisi kwa Kiswahili chetu cha mtaani kila kitu chenye urefu ndani ya mwili ni mshipa. Bomba la damu mshipa, kano mshipa, mtu akivimba korodani tunasema ana mshipa, na neva, ule uzi unaopeleka habari na nguvu mwilini, nayo mshipa. Kwa hiyo nilichuliwa wiki mbili kwa ajili ya mshipa, na mshipa gani hakuna aliyejua.

Wiki ya tatu ndo nikafika hospitali, nikampata daktari mmoja dada, mdogo kwangu kwa umri, kwanza nilimdharau. Hakuniandikia picha wala nini. Akavuta stuli akaniambia fundi kaa kwenye ukingo wa kitanda tuone uzi gani umekatika. Sijui alijuaje kwamba hiyo lugha ndo yangu.

Kwanza akasema rusha mguu mbele kama unapiga mpira huku yeye ameuzuia kwa mkono. Nikarusha, ana nguvu kweli yule dada lakini nilimshinda. Akagonga chini ya goti na kinyundo cha raba, mguu ukaruka wenyewe. Akasema hiyo ni femorali, neva ya mbele, inatoka kwenye pingili za kiunoni inapita kinenani, ukiweka vidole pale kinenani ukausikia mshipa wa damu unadunda basi femorali iko kando yake kwa upande wa nje. Ndo inayonyoosha goti. Na tawi lake moja jembamba, wanaliita safenasi, halifanyi kazi ya nguvu, linashuka upande wa ndani wa mguu mpaka kwenye kifundo kuleta habari za ngozi tu. Hiyo nzima.

Akaweka ngumi yake katikati ya magoti yangu, akasema bana. Nikabana. Hiyo ni obturata, neva ya paja la ndani, ile inayokusaidia kubana magoti ukipakizwa bodaboda. Nzima.

Akasema simama kwa vidole, kama unachungulia juu ya ukuta. Kisigino kikanyanyuka ila kivivu, hakikufika juu kama cha kushoto, na alivyogonga ile kano ya nyuma ya kisigino mguu wa kushoto ulijibu haraka wa kulia ukawa kama unafikiria kwanza. Hapo akaandika kitu. Hiyo inaitwa tibiali, inashuka katikati ya nyuma ya goti, inaendesha kigimbi, inapita nyuma ya kifundo kwa upande wa ndani halafu inaingia chini ya wayo. Ndo inayokuambia umekanyaga mwiba.

Mwisho akasema inua nyayo, kisigino kibaki chini. Nikainua. Nikaona mwenyewe hakuna kilichotokea, jasho linanitoka mguu umetulia kama sio wangu. Akachukua pamba akanigusa huku nimefumba macho, paja nasikia, ndani ya mguu nasikia, juu ya nyayo kama kwa mbali hivi, kati ya kidole gumba na cha pili, hamna. Ile sehemu ya mkanda wa kandambili! Akasema hiyo ngozi ndogo, haizidi stempu ya barua, ina neva yake maalum, peroneali ya ndani, ambayo ndo hiyo hiyo inayoinua nyayo. Peroneali ina matawi mawili, ile ya juujuu inapeleka habari za juu ya nyayo karibu pote na kuugeuza mguu kwa nje, ile ya ndani inainua, na ngozi inayoisimamia ni ile ya kwenye kandambili tu. Mi tangu siku hiyo nikimuona mtu anavuta mguu namuuliza kandambili unaisikia?

Nikamwambia daktari basi ni mgongo kama shemeji anavyosema. Akanilaza ubavu akaniambia inua mguu mzima juu, ukainuka vizuri tu. Akasema pinda nyayo iangalie ndani, ikapinda. Akasema ingekuwa ni mzizi wa neva pale mgongoni ndo umebanwa hivi vyote vingelegea, kwa sababu misuli ya kuinua mguu kwa ubavu na ya kupinda nyayo ndani inakula kwenye mzizi ule ule lakini kwa neva nyingine. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza wiki tatu zote, "umechomwa sindano ya tako hivi karibuni?"

Alinichorea nyuma ya kadi yangu. Neva zote nilizozitaja ni nyembamba ukilinganisha na siatiki. Siatiki ndo neva nene kuliko zote mwilini, pale inapoanzia ina upana wa kama kidole gumba cha mkono, inatengenezwa na mizizi ya kiuno cha chini na ya ule mfupa wa nyuma ya nyonga, inatoka ndani ya nyonga kwa nyuma chini ya msuli mmoja, inapita tako la chini kati ya mfupa tunaoukalia na ule mfupa unaojitokeza pembeni ya nyonga, inashuka nyuma ya paja, halafu karibu na goti inagawanyika kuwa tibiali na peroneali. Ila kugawanyika ni namna ya kusema tu, alisema, kwa kweli ni kamba mbili toka mwanzo, zimevalishwa ala moja, na kuna watu wanazaliwa zimeachana toka huko juu kwenye nyonga. Ile ya peroneali inakaa upande wa nje ndani ya ala na imekazwa zaidi, ndo maana sindano ikiingia pale inayolia kwanza ni nyayo, na kigimbi kinaguswa kidogo kama changu. Ningekuwa nimeumia pale gotini peke yake kigimbi kingekuwa kizima kabisa.

Sasa mhariri, chukua chaki. Sisi mafundi ndo tunavyofanya, kitambaa hakikatwi kabla ya kuchora. Chora tako moja, piga mstari wa wima katikati, piga mstari wa kulala katikati, una vyumba vinne. Siatiki inakaa kwenye vyumba vya ndani na vya chini. Kimebaki kimoja, cha juu kwa nje, karibu na mfupa wa nyonga, hicho ndo kama ni lazima tako basi pachomwe hapo. Mi nilichomwa karibu na pale mistari inapokutana, tena chini kidogo. Na hata hicho chumba kimoja wataalamu wengi siku hizi wanakikwepa, wanapendelea ubavuni kwenye nyonga au pembeni ya paja kwa nje ambapo hakuna neva kubwa. Angalieni kliniki, mtoto mchanga chanjo za kwenye msuli anachomwa wapi? Pajani. Wale manesi sio wajinga.

Na watoto ndo hasa wananifanya niandike. Sisi tuliokulia huku Tanga miaka ya themanini na tisini tunakumbuka, mtoto akizidiwa na malaria anachomwa kwinini takoni, homa inapona mguu unabaki. Tulikuwa nao darasani, tunawaita majina ya ajabu Mungu atusamehe, na wazazi wao wanaambiwa ni polio, au degedege, au mtoto katupiwa. Tako la mtoto wa miaka miwili lina nyama gani? Neva iko hapo hapo, na kwinini ni dawa kali hata ikikosa neva inaweza kuharibu nyama yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilishasema kwinini ya msuli ichomwe paja la mbele. Halafu ukaja ule utafiti mkubwa uliotangazwa 2010, watoto 5,425 kwenye nchi tisa za Afrika, na huku kwetu vituo vilikuwa Muheza na Korogwe, wakalinganisha kwinini na dawa nyingine ya malaria, artesuneti, waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9 na wa artesuneti asilimia 8.5, na mwaka uliofuata artesuneti ndo ikapendekezwa kwa watoto wenye malaria kali. Kwa hiyo ile kwinini ya tako imepungua sana, alhamdulillah, lakini tako bado lipo na sindano bado zipo, za maumivu, za antibiotiki, za "kuongeza nguvu", na vijana wa nyuma ya pazia bado wapo.

Nirudi kwenye mguu wangu. Nikamuuliza daktari itarudi? Akasema neva ikiwa imechubuka tu inarudi mapema, ikiwa nyuzi za ndani zimekufa inabidi ziote upya kutokea pale zilipokatikia, na zinaota milimita moja kwa siku, yani inchi moja kwa mwezi. Mhariri, usimwambie fundi neno inchi. Nilifika nyumbani nikatoa futi, nikapima toka alama ya sindano mpaka pembeni chini ya goti ambapo matawi ya kuinua nyayo yanaanzia. Inchi ishirini na moja. Miezi ishirini na moja. Nikaandika ukutani kwa chaki juu ya mashine, kila mwisho wa mwezi nakata mstari mmoja. Na shida nyingine alishanionya, msuli usiopata umeme unasinyaa wakati unangoja, ukingoja sana hata neva ikifika inakuta nyumba imebomoka. Ndo kazi ya mazoezi na kuvaa splinti, kifaa cha kuishikilia nyayo, isikakamae ikiangalia chini.

Splinti ilikuwa bado inatengenezwa, mi nikajifanya mjanja. Nikachukua lastiki pana ile ya viuno vya magauni, nikashona mkanda wa kufunga chini ya goti, nikaunganisha lastiki mpaka kwenye kamba za kiatu, nikitembea nyayo inavutwa juu. Nilijiona profesa. Nikaenda nayo kwa mtaalamu wa mazoezi kumuonyesha, mzee mpole kweli, alipouona ule mkanda akapaza sauti, "fundi unamalizia kuiua!" Akachukua kidole changu akakiweka upande wa nje wa goti, kuna kinundu cha mfupa pale, akanishusha kidogo nyuma yake akaniambia viringisha taratibu. Kinateleza kitu kama uzi wa gunia chini ya ngozi. Jaribu na wewe msomaji, pole pole usikibonyeze sana. Ndo peroneali hiyo, inazunguka shingo ya mfupa ikiwa imefunikwa na ngozi tu, hakuna nyama ya kuilinda, na mi nimeikaza mkanda juu yake siku nzima.

Alisema wagonjwa wengi anaowapata hawajachomwa sindano yoyote, wameiumiza pale pale. POP, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, iliyobana chini ya goti, mgonjwa analalamika nyumbani wanamwambia vumilia. Mtu amekaa kakunja nne, mguu juu ya mguu, ofisini kila siku miaka. Waliokonda ghafla kwa ugonjwa mafuta yakaisha pale. Waliochuchumaa shambani toka alfajiri, mpaka anainuka nyayo haimfuati. Na wale wazee waliougua ukoma wanapapaswa uzi huo huo kwa sababu ukoma unapenda neva za karibu na ngozi, nao uzi ukinenepa daktari anajua.

Kwenye ukurasa wenu mlichanganya na kisukari, niwasaidie kutofautisha kama nilivyoelezwa. Kisukari kinaanzia kwenye ncha, neva ndefu ndo zinaumia kwanza, kwa hiyo ganzi inakuja miguu yote miwili kuanzia vidoleni ikipanda kama umevaa soksi. Ya kwangu ni mguu mmoja, ghafla, na ina ramani.

Kuna na nyingine ambayo sisi mafundi tunaileta wenyewe, nakiri. Mteja anakuja anasema fundi bana hapa kiunoni, bana tena. Kuna neva ya ngozi inapita karibu kabisa na ile ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, ukikaza mkanda na suruali ya kubana pale, paja la nje linawaka moto na kufa ganzi eneo kama kiganja, mguu nguvu unazo zote ila ukigusa ngozi kama sio yako. Nina mteja dereva wa fuso alihangaika nayo sana, nikamwachia kiuno inchi mbili na nikamwambia avae kanda za mabegani, kaja baada ya miezi miwili na zawadi ya nazi. Na siku hizi nikishona mfuko wa nyuma nauliza kabisa, waleti yako ina unene gani, maana mtu anaikalia waleti nene upande mmoja kutwa nzima halafu anakuja kulalamika tako na nyuma ya paja vinachoma.

Mwezi wa kumi na tisa nilikuwa nimekaa barazani nimenyoosha mguu, najaribu kama kawaida, nikaona pale mbele ya kifundo kitu kinachomoza chini ya ngozi kama uzi uliovutwa, kikazama. Nikajaribu tena, kikachomoza. Nikamwita mama aje aone, akasema ni mshipa, nikamwambia hapana mama, hiyo ni kano, mshipa wenyewe ndo umefika. Hakunielewa ila alilia. Saivi nyayo inainuka nusu, pedeli naikanyaga, kidole gumba bado kinasitasita na kandambili ya kulia nimeishonea kijimkanda cha nyuma kama ya mtoto.

Ombi langu mhariri ni dogo. Chapeni mchoro. Msiandike maneno mengi, watu hawasomi, chapeni tako kubwa nusu ukurasa lenye vyumba vinne na ule uzi mnene umepita ndani, na chini andikeni kwamba ukisikia umeme unashuka mguuni mwambie achomoe hapo hapo. Mkiona haya kuchora, mi nimeshachora kwenye karatasi ya kaki ninayokatia pateni, kwa vipimo halisi, saizi ya mtu mzima na saizi ya mtoto wa miaka mitatu. Nimeikunja hapo ndani ya bahasha. Msiipunguze sana, mistari ya chaki huwa inapotea.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga